Shahada ya Tabita na Asilimia Kumi na Tano

Tabita Haonga alipopata nafasi ya kwenda Dar es Salaam kusomea baiolojia chuo kikuu, baba yake alichinja beberu na kuwaita majirani wa pande zote mbili za barabara. Nathanaeli Haonga si mtu wa kujionyesha. Analima kahawa na mahindi karibu na Mbozi Mission, ni mzee wa kanisa, na huongea kwa sauti ileile ya chini awe anasali au anagomba. Siku ile, hata hivyo, alisimama katikati ya watu, akavua kofia, akasema, "Mwanangu anakwenda kuwa mwanasayansi." Kisha akakaa, maana hakuwa na la kuongeza.

Hakuna aliyeuliza mtu wa baiolojia huajiriwa wapi. Tabita mwenyewe hakuuliza. Alikuwa na alama nzuri, somo alilipenda, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ulitoka karibu wote: ada, chakula, malazi, vitabu. Alipotia sahihi makubaliano ya mkopo alikuwa na miaka ishirini na moja, na neno "marejesho" aliliona kama jambo la mtu mwingine, mtu mzima, mwenye ofisi na gari.

Chuoni alisoma kwa furaha. Alipenda kuvu kuliko kitu kingine chochote. Wenzake walimtania kwamba angeweza kukaa asubuhi nzima akichungulia ukungu wa mkate kwenye darubini na kusahau kunywa chai. Alimaliza na daraja la pili la juu. Picha yake ya mahafali, akiwa na joho na kofia iliyomkaa upande, ilitundikwa sebuleni juu ya redio.

Kisha akarudi nyumbani kusubiri kazi, na hapo ndipo alipoanza kujifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye mtaala. Aliomba hospitali, akaambiwa maabara ya hospitali inamtaka mtu aliyesomea maabara za afya na kusajiliwa. Aliomba ualimu, akaambiwa arudi chuoni mwaka mmoja achukue taaluma ya ualimu, na ada ajilipie. Shule moja binafsi ilimchukua afundishe kidato cha tatu bila mkataba, ikamlipa miezi miwili, wa tatu ikamwambia asubiri wazazi walipe. Aliomba kwenye taasisi za utafiti, ambako watu maelfu waligombea nafasi tatu. Kila alipojieleza aliona wenye ofisi wanamheshimu. Walimwita "msomi". Hawakuwa na mahali pa kumweka.

Rafiki yake Witness, waliyekaa dawati moja sekondari, hakufika kidato cha tano. Alisoma stashahada ya maabara Mbeya, na sasa alikuwa mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya wilayani Ileje, mshahara zaidi ya laki sita, bila deni. Tabita hakumwonea wivu. Alichojiuliza ni kwa nini wakati ule hakuna mtu aliyewaweka wote wawili chini na kuwaeleza.

Alipofika miaka ishirini na saba alishuka Tunduma. Bwana Gibson, wakala wa forodha, alikuwa anatafuta mtu wa kuingiza taarifa za mizigo kwenye mfumo, kuchapa nyaraka na kuwapigia simu madereva waliokwama kwenye foleni. Ofisi yake ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha, pembeni ya maegesho ya malori. Mshahara ulikuwa laki tatu na nusu. Bwana Gibson alikuwa mwajiri mwaminifu, mtu wa kufuata sheria: alimwandikia Tabita mkataba, akamsajili NSSF, akapeleka jina lake kila linakotakiwa kwenda. Kwa uaminifu huohuo Bodi ikampata, ikaanza kukata asilimia kumi na tano.

Siku alipoona mshahara wake wa kwanza wenye makato, Tabita alikaa na kikokotoo cha simu. Deni lilikuwa milioni kumi na moja na kidogo. Makato yalikuwa elfu hamsini na mbili na mia tano kwa mwezi. Alirudia hesabu, akidhani amekosea sifuri. Hakuwa amekosea. Kwa mwendo ule angemaliza baada ya miaka kama kumi na minane, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Nyumbani aliwaambia, "Niko kwenye mambo ya forodha." Haukuwa uongo. Baba yake akawaambia wenzake kanisani, "Tabita yuko forodhani," na huo nao haukuwa mbali sana na alichosikia. Kila Krismasi Tabita alipanda kwenda Mbozi na sukari, mafuta na kitenge cha mama, na kila Januari alikula ugali na mlenda mwezi mzima kufidia.

Mambo yangeendelea hivyo kama si Ikupa.

Ikupa ni mdogo wake wa mwisho. Alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi chuo kikuu, naye akachagua baiolojia, kwa sababu tangu utotoni hakuwa amechagua kitu ambacho dada yake hakukichagua kwanza. Safari hii mkopo ulitoka nusu. Nathanaeli hakutikisika. Alipata mtu wa kumkodishia ekari moja na nusu ya kahawa, ile ya bondeni inayozaa kuliko zote, kwa misimu mitatu, fedha zote mkononi. Kabla ya kupeana mikono na mtu huyo alimwita Tabita aje Jumamosi, amweleze mdogo wake maisha ya chuo.

Walikaa sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Wewe umepita njia hii," baba alisema. "Mwambie Ikupa ajiandae na nini."

Ndani ya basi kutoka Tunduma Tabita alikuwa amepanga maneno laini. Alipofungua kinywa yakatoka mengine.

"Baba, naomba usikodishe shamba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu shahada hii haitalirudisha."

Ikupa alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona uso wa dada yake. "Picha yako ipo ukutani hapo, dada," alisema. "Zamu yangu ikifika ndiyo unasema haifai?"

"Sijasema haifai, mdogo wangu. Nimesema haitalipa shamba la baba."

"Kwani wewe huna kazi?"

"Ninayo. Napata laki tatu na nusu."

Nathanaeli aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepiga hesabu. "Kwa wiki," alisema.

"Kwa mwezi, baba."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo.

Tabita aliamua kumaliza alichoanza. Akaeleza makato ya Bodi, ya NSSF na kodi, kodi ya chumba, na kinachobaki. Akataja deni lote, na umri atakaokuwa nao akilimaliza. Akasema kwamba na walimu nao wako mtaani, si watu wa baiolojia peke yao, na kwamba yeye hamkatazi mtu kusoma. Anachoomba ni kwamba safari hii waulize kwanza kazi iko wapi, ndipo waulize chuo. Alisema yote bila kulia, na hilo lenyewe lilimshangaza.

Baba yake aliinuka, akachukua kofia, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe.

Ikupa naye aliinuka. "Umenichafulia," alisema kwa sauti ndogo, akaingia chumbani.

Mama ndiye aliyebaki. Aliendelea kuchambua maharage, taratibu sana. "Ungeniambia mimi," alisema.

"Ningekwambia nini, mama?"

"Kwamba huko unakula nini."

Tabita alirudi Tunduma jioni hiyohiyo. Siku mbili hakuna mtu wa nyumbani aliyempigia simu. Jumanne, saa tatu asubuhi, simu ikaita, na ilikuwa ya baba yake.

"Niko hapa forodhani, getini," Nathanaeli alisema. "Nimemwuliza askari juu yako. Anasema humu hakuna Tabita Haonga."

Tabita alimwomba Bwana Gibson dakika chache, akatoka mbio kati ya malori. Alimkuta baba yake amesimama kando ya geti na koti lake la kanisani, vumbi la Oktoba limemjaa viatuni, mkononi ameshika mfuko wa maharage na maparachichi. Aliupokea mfuko, akampigia magoti kidogo kumsalimia, kama nyumbani. Kisha akamwongoza mpaka kwenye kontena.

Nathanaeli alikaa kwenye benchi la madereva, akakaa hapo asubuhi nzima. Aliona feni iliyofungwa kwa waya. Aliona binti yake akichapa, akipiga simu, akibembeleza mtandao uliokatika, akiandika namba za matela. Dereva mmoja wa Zambia aliingia na kumwamkia mzee kwanza, kwa Kibemba: "Mulishani, ba tata." Nathanaeli, ambaye kwa Kinyiha pia baba ni tata, aliitikia kwa kichwa, akafurahi kidogo bila kutaka.

Karibu saa sita akaingia Clement Sinkala. Huyu ni mfanyabiashara wa mahindi, Mnamwanga wa hapohapo Tunduma, mwenye ghala nyuma ya stendi na ndugu pande zote mbili za mpaka. Bwana Gibson humshughulikia nyaraka. Siku hiyo alikuwa amekasirika mpaka sauti imemkauka. Mnunuzi wake wa Kongo alikuwa ameleta mpimaji hapo Tunduma kupima lori la mahindi, akakuta sumukuvu, sasa analikataa lori zima.

"Futa tu zile nyaraka, dada," alimwambia Tabita. "Tani ishirini na nane. Nimekwisha."

Tabita alinyanyua macho kutoka kwenye kompyuta. "Walichukua sampuli wapi?"

"Kwenye lori, kwani wapi kwingine?"

"Kwenye magunia mangapi?"

Clement hakujua. Akampigia kijana wake wa ghala, na kijana akasema mpimaji alichoma bambo, kile chuma cha kutolea punje, kwenye magunia manne, yote ya nyuma, karibu na mlango.

"Yale ya nyuma yalikuwa yamepangwa wapi ghalani kabla ya kupakiwa?"

Clement akauliza tena kwenye simu. Yalikuwa yamepangwa ukutani, chini, bila chaga za mbao za kuyainua, mahali ambapo bati lilivuja mvua za mwisho za Mei.

Hapo Tabita akasahau kwamba baba yake yupo. Aligeuza kiti, akamweleza Clement kwamba kuvu inayotengeneza sumu ile haitapakai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Hukaa kwa mafungu, palipo na unyevu na punje zilizovunjika. Gunia moja linaweza kuwa limejaa sumu na jirani yake likawa zima. Kwa hiyo ashushe mzigo wote, ayatenge ya ukutani, kisha apime upya kwa kuchoma magunia mengi ya kila upande na kuchanganya sampuli ndipo ipimwe.

"Na hayo ya ukutani? Nikawauzie wa vyakula vya kuku?"

"Usiwauzie. Kuku akila, na yai litaliwa na mtoto wa mtu. Hayo yateketeze."

Clement alimtazama kama mtu aliyeingia duka la nguo akauziwa dawa. "Wewe umejuaje haya?"

"Nilisoma."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Tabita aligeukia kompyuta yake. Alimwambia awahi kushusha lori kabla wapagazi hawajaenda kula.

Baada ya hapo Nathanaeli alisema anataka kumnunulia mwanawe chakula. Walikwenda kwa mama ntilie, wakaagiza ugali na dagaa wa kapenta. Mzee alinawa, akaomba, akala matonge kadhaa.

"Nilikuwa nawaambia watu uko forodhani," alisema.

"Najua, baba. Na mimi nilikuacha useme."

"Askari alipokataa jina lako nilitaka kugombana naye." Alichovya tonge, akaliacha kwenye sahani. "Yule mwenye mahindi. Yale uliyomwambia, ni ya chuoni?"

"Ni ya chuoni."

"Basi fedha ile haikupotea."

"Haikupotea, baba. Ila bei yake hatukuiuliza. Tungeiuliza, labda ningesoma kitu hikihiki kwa mlango mwingine."

Nathanaeli alisema, kwa sauti yake ya chini, "Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Nilikuwa nafurahi tu." Tabita alitaka kumwambia hapana, lakini aliona baba yake hakuwa anaomba kutetewa. Akamsogezea dagaa waliobaki upande wake wa sahani. Mzee alipanda basi la saa tisa, na kabla ya kupanda aliingiza mkono kwenye koti akampa noti mbili za elfu kumi. Tabita akazipokea kwa mikono miwili. Kuzikataa kungemvunjia heshima.

Shamba la bondeni halikukodishwa. Ikupa hakumsamehe mtu yeyote kwa wiki nzima. Nathanaeli hakumlazimisha, alimpa nauli tu, akamwambia aende Ileje akae kwa Witness, aone kazi, kisha aseme mwenyewe anataka nini. Ikupa alikwenda kwa hasira. Witness hakumhubiria. Alimpa koti jeupe la ziada, akamweka kwenye kona ya maabara, akamwacha aangalie watu wanavyoingia na watoto wenye homa na kutoka na majibu. Jioni alimwonyesha hati yake ya mshahara, na alimwambia pia ubaya wake: dawa za vipimo zinazoisha, zamu za sikukuu, na madaktari wanaosahau kusalimia.

Ikupa aliporudi alimpigia dada yake simu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Naomba chuo cha maabara Mbeya, stashahada," alisema. "Dirisha la mwisho la maombi bado liko wazi. Ada baba anaiweza kwa kahawa ya mwaka huu."

"Umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria. Na nimechagua mwenyewe, dada. Usije siku moja ukasema ulinichagulia."

"Sitasema."

"Chuo kikuu nitakwenda baadaye, nikiwa na kazi."

"Sawa, mdogo wangu."

Ikupa akakata simu. Siku wasichana wenzake wa kidato cha sita walipoondoka kwenda Dar es Salaam na Dodoma na masanduku yao mapya, mama anasema Ikupa alishinda shambani peke yake na hakutaka chai. Hilo Tabita alilisikia, likamuuma, na hakujua la kufanya nalo.

Kwa upande wa Clement, mahindi ya ukutani yalitengwa, yaliyobaki yakapimwa upya kama Tabita alivyoeleza, na mnunuzi akayachukua. Mabaya yalichomwa moto nyuma ya ghala, Clement akiangalia kwa huzuni kama mtu aliye msibani. Wiki iliyofuata alirudi kwenye kontena na kumwomba Bwana Gibson ruhusa: alitaka Tabita amsimamie ghala, Jumamosi na saa za jioni, aangalie unyevu, upangaji na sampuli. Angemlipa laki mbili na nusu kwa mwezi. Bwana Gibson alikubali, kwa sharti kwamba Jumatatu asije ofisini akisinzia.

Tabita hakutajirika. Bado anakaa chumba kilekile, na kontena bado lina feni ya waya. Lakini aliketi tena na kikokotoo, akaamua kwamba kila mwezi ataongezea Bodi elfu hamsini kwa hiari yake, juu ya yale makato. Miaka iliyobaki ikapungua kwa nusu. Aliiangalia namba ile kwenye simu kwa muda, akajinunulia soda ya kusherehekea. Wafanyabiashara wengine wawili wameshamwulizia kuhusu maghala yao, na ameanza kufikiria kifaa chake mwenyewe cha kupimia, ingawa bei yake inamtisha. Safari hii ameulizia kwanza ni watu wangapi wangelipia kupimiwa.

Mwezi wa Machi, Jumamosi moja mchana, alikuwa ghalani amekaa juu ya magunia akiandika unyevu wa safu ya tatu, mvua inapiga bati, simu ikaita. Ilikuwa Ikupa, kutoka Mbeya.

"Dada, una nafasi?"

"Ninayo. Kuna nini?"

"Tunapaka rangi bakteria. Mwalimu ameeleza, mimi nimeitikia kama nimeelewa, na sikuelewa. Kwa nini wengine wanabaki zambarau na wengine wanakuwa wekundu?"

Tabita alishusha kalamu. "Una kalamu na karatasi?"

"Ninavyo."

"Basi chora kwanza ukuta wa bakteria. Uchore mnene. Pembeni yake chora mwingine, mwembamba, una mafuta kwa nje."

Alisikia karatasi ikikwaruza upande wa pili. Kijana wa ghala alikuja kuuliza kitu, Tabita akamwonyesha kwa mkono kwamba asubiri.

"Nimechora," Ikupa alisema. "Endelea, dada. Polepole."